Kete za Tantine Élisa

Kila Jumamosi mchana, akishaosha vyombo, Masengo alikimbia kwa Tantine Élisa, yaani Shangazi Élisa, mshonaji wa mtaa wao hapa Kamina. Juu ya meza ya kukatia vitambaa, watoto walicheza mchezo wa hadithi. Kila mmoja alijichagulia mtu wa kuigiza: mwindaji, mganga au mvuvi. Élisa alisimulia nchi ya hatari waliyopitia, wao wakasema watafanya nini, kisha kete zikaamua kama wamefaulu.

Jumamosi moja wingu zito lilifunga mbingu, chumba kikawa giza. Kabeya, mtoto wa askari, alikuwa akitetemeka tangu alipoingia. Alimpeleka mwindaji wake pangoni, akarusha kete. Zikamkataa.

"Mwindaji amekufa," Élisa alisema taratibu.

Jumatatu Kabeya hakuja shuleni. Wenzake walipouliza, Masengo alitaka wote wamsikilize. Akanong'ona: "Kete zilirushwa, Tantine Élisa akasema Kabeya amekufa." Hakutaja mwindaji wala pango.

Jioni ile wanawake bombani walikuwa wakilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, kwani Kabeya alikuwa hoi kitandani kwao. Wateja wakaacha kuleta vitambaa. Asubuhi moja mlango wa Élisa ulikutwa umeandikwa kwa makaa: MULOZI, yaani mchawi. Masengo alipita pale akitazama chini.

Siku iliyofuata, akitoka shuleni, alikuta watu wamejaa mbele ya nyumba ile. Kijana mmoja alishika dumu la petroli. Mama Mbuyi, mama yake Kabeya, alikuwa akigonga mlango kwa ngumi.

"Weye mwanamuke, fungula mutoto wangu katika bulozi yako! Iko anakufa!"

Masengo alipenya katikati ya watu mpaka mlangoni.

"Mama Mbuyi, minyi njo nilisema, ni mimi!" alilia. "Aliyekufa ni mwindaji wa hadithi, si Kabeya. Nilikata maneno ili wanisikilize. Kabeya alikuwa anatetemeka kabla ya kurusha kete. Homa ilikuwa imemushika tayari!"

Yule kijana hakuweka dumu chini. Ndipo mlango ukafunguka, Élisa akatoka.

"Mama Mbuyi, mutoto amefika kwa munganga wa kituo cha afya?"

"Hapana. Walisema dawa haitasaidia, ni bulozi."

"Basi twende sasa hivi."

Mama Mbuyi aliwasukuma watu kando, wakaenda kumchukua Kabeya nyumbani kwao, wakampandisha kwenye pikipiki, kichwa chake kikilegea begani mwa mama yake. Kwenye kituo cha afya walimpima damu: malaria kali. "Mngechelewa tena kidogo, tungempoteza," muuguzi alisema.

Kabeya alipopona, Mama Mbuyi alimrudisha mwenyewe mezani, akamwomba Élisa msamaha. Masengo naye aliomba, machozi yakimtoka.

Élisa aliwavutia viti wote wawili.

"Waliobuni michezo hii, mbali sana, kabla sijazaliwa, nao walisingiziwa kwamba wanacheza na shetani," alisema. "Hawakufunga milango. Waliendelea kufundisha wageni, na wageni wakafundisha wengine, mpaka dada mmoja wa Lubumbashi akanifundisha mimi bure. Tunacheza leo kwa sababu ya watu wale, tuwashukuru. Lakini wewe, Masengo, unaposimulia jambo la kweli, lisimulie lote. Nusu uliyoiacha ilikaribia kumuua Kabeya, na mimi pamoja naye."