Mbwa Aliyeitwa Mutachoka

Ndugu zangu wa Bunia, nanyi mliokimbilia kwetu mkitoka vijijini, sogeeni karibu. Habari hii ni ya mbwa, lakini asiyefuga mbwa asiinuke, maana ulimi kila mtu anao.

Asubuhi ya Noeli ya mwaka 2002, mtaa wetu wa Nyakasanza ulipata utulivu ambao hatukuwa tumeuona kwa miezi mingi. Mama Arlette alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akimsuka nywele binti yake Tina. Mchuzi ulikuwa ukichemka jikoni, na mbwa wao wa rangi ya udongo amelala juu ya miguu yao wote wawili. Mbwa huyo aliitwa Mutachoka.

Mgeni atauliza, jina gani hilo? Wenyeji hawaulizi. Kwetu, mtu akitaka kumjibu jirani bila kufungua mdomo, hufuga mbwa. Miaka mitatu nyuma, Constant, mume wa Arlette, alikwenda kuchimba dhahabu, asirudi wala kutuma neno. Jirani yake, Mama Denise, akasema kisimani mbele ya wanawake wote kwamba Arlette atachoka kukaa peke yake, atafunga mizigo arudi kwao Fataki. Maneno yakafika, kama yanavyofika siku zote. Arlette hakugombana na mtu. Alijipatia mtoto wa mbwa, akampa jina la Mutachoka, yaani ninyi ndio mtakaochoka, na kila kulipokucha akasimama kando ya uzio wa matete na kuita: "Mutachoka! Mutachoka, kuya kula!" Aliita hata pale mbwa alipokuwa amesimama kati ya miguu yake.

Mtaa mzima ulicheka. Denise aliendelea kufagia uwanja wake. Tungeweza kumwambia Arlette basi, imetosha, lakini nani anakataa kichekesho cha bure wakati wa vita? Nami nilicheka.

Siku ile wageni walikuwa waje baada ya misa. Arlette hakutaka makucha ya matope juu ya vitenge vipya vya watu, kwa hiyo akamfunga mbwa nyuma ya jiko kwa kamba fupi, mahali ambapo jua likishafika haliondoki. Akamwagia rundo la mifupa ya kuku waliomla usiku wa mkesha.

"Mama, na maji yake?" Tina aliuliza.

"Tutachelewa misa. Angalia chakula yenye iko nayo! Hata yeye leo anakula Noeli."

Wakaenda. Kanisani Arlette aliimba kwa moyo wote, akaombea amani, akamwombea na Constant popote alipo. Hakumkumbuka mbwa hata mara moja.

Walikuwa wanakaribia nyumbani bunduki zilipoanza kulia. Watu walijitupa chini, kisha wakainuka wakijipangusa na kucheka kwa aibu, kwa sababu haikuwa vita. Vijana wa bunduki waliokaa kwenye bariere, pale walipolaza gogo kukata barabara, walikuwa wamekunywa pombe kali ya lotoko tangu asubuhi, na sasa walikuwa wakisherehekea kwa kupiga hewani. Sisi watu tulielewa. Mbwa nani angemweleza?

Nyuma ya jiko Arlette alikuta kipande cha kamba kilichokatika. Alirudi barabarani mbio, Tina nyuma yake, akamwona mara moja. Mutachoka alikuwa amevuka gogo na kujikunja chini ya lori lililoungua, ng'ambo ya wale vijana, anatetemeka mwili mzima.

Lazima niseme jinsi ilivyokuwa wakati ule. Mbwa waliobaki bila wenyewe walikuwa wengi, na njaa ilikuwa imewafundisha kula kitu ambacho sitakitaja katika habari ya Noeli. Basi mbwa asiye na mtu alipigwa risasi palepale, wala hakuna aliyelalamika. Kijana mmoja alikuwa tayari ameinua bunduki.

"Imbwa ya nani ile?" alipaza sauti. "Kama haina mwenyewe, ninaipiga!"

Kilichotakiwa ni kuita tu. Mbwa akiitwa angekuja, na kijana angeona kwamba ana mwenyewe. Arlette akafungua mdomo, akaufunga tena. Atapaza vipi sauti mbele ya bunduki kumi na kusema Mutachoka? Ndilo neno lile lile mtaa mzima ulilokuwa ukinong'ona usiku juu ya vijana hao hao. Mtachoka ninyi, siku moja mtachoka, mtatuachia mji wetu.

"Mama, muite!" Tina alimvuta kitenge.

"Nyamaza."

"Mama, watamuua!"

"Nimesema unyamaze!" Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja, akamrudisha nyuma ya uzio. Kwa miaka mitatu alikuwa amelipigia kelele jina lile pasipo haja. Siku ya haja alijificha nyuma ya matete, akafumba macho, akangoja mlio.

Badala ya mlio alisikia sauti ya mwanamke.

"Mutachoka! Mutachoka, kuya hapa! Kuya, baba!"

Alikuwa Mama Denise, amesimama katikati ya barabara, mwiko mkononi. Chini ya lori masikio yaliinuka. Mbwa akaanza kutambaa kuja kwake.

Kijana akageuka. "Nani atachoka, mama? Siye?"

"Hapana, mutoto yangu. Ni jina ya imbwa."

"Imbwa gani inaitwa vile?"

"Ile pale. Walimupatia ile jina juu yangu miye. Haiko juu yenu."

Hakusema ni nani aliyempa. Arlette, nyuma ya uzio, alisubiri kutajwa, na hakutajwa.

"Basi ni weye utaanza kuchoka," alisema kijana, akampiga kwa kitako cha bunduki juu ya mkono ulioshika mwiko. Wenzake wakacheka, na mchezo ukaisha. Denise alishika kipande cha kamba kilichobaki shingoni mwa mbwa kwa mkono mzima, akageuza njia, akatembea mpaka mlangoni pa Arlette bila kukimbia.

"Kamata imbwa yako," alisema. "Wakati mulikuwa misa ilikuwa inalia na kiu. Nilisukuma beseni ya maji chini ya matete. Na ile mifupa, dada, ya kuku haipewi imbwa. Ikishapikwa inapasuka kama sindano. Angalia, iko inatapika damu."

Arlette alipiga magoti. Hakujua amshike nani kwanza. Kifundo cha mkono wa Denise kilikuwa kimeshavimba.

"Mama Denise, unisamehe. Nilikuwa pale. Nilikuona."

"Najua. Nami nilikuona."

Wageni walipofika walikuta chakula kimepoa, na mwenye nyumba yuko ng'ambo ya uzio, anafunga mkono wa jirani kwa vipande vya mbao na kitambaa cha kitenge kipya. Kwa siku nne Arlette alimnywesha mbwa uji mwembamba kidogo kidogo mpaka damu ikakoma. Siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, kabla bunduki hazijaanza, alimfungia ndani pamoja na maji, akaketi naye sakafuni, mkono juu ya mgongo wake. Mbwa akapona. Mkono wa Denise uliunga vibaya, na tangu hapo nguo zake hukamuliwa na Arlette kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza Arlette alisema, "Nitamubadilisha jina. Nitamuita Neema."

Denise alimtazama mbwa aliyelala kati yao. "Ataitika? Imbwa ya miaka tatu? Hapana, umuite tu. Yeye hajue kama ile ni matusi. Ni siye wawili tu tunajua."

Arlette akajaribu. Sauti ikakatika katikati ya neno, akalia mbele ya beseni la nguo, na Denise akamwacha alie.

FUNDISHO

Ndugu zangu, sikukuu ni yetu, si ya mbwa. Kwake ni kelele, wageni asiowajua na chakula kisichomfaa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Usimfunge juani bila maji. Kabla ya milio mtie ndani, funga mlango, na mmoja wenu abaki karibu naye.

Na unapompa kiumbe jina, lipime kwanza: je, utaweza kuliita mbele ya mtu yeyote, siku uhai wake unapolitegemea? Arlette hakuweza, na akaita yule aliyetukanwa. Sisi tuliocheka tulikuwa nyuma ya nyua zetu siku ile. Wengi tulisikia, na hakuna aliyetoka.