Honorata Aleta Gari la Umeme Nyumbani

Honorata na mumewe Lusekelo walitoka Mbeya wakahamia Marekani. Mwaka 1998 walikuwa wakiishi Bowie, katika jimbo la Maryland. Nyumba yao ilikuwa na gereji ya ndani. Juu ya gereji hiyo kilikuwa chumba cha binti yao, Anna.

Honorata alikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Largo. Lusekelo alikuwa mhasibu mjini Washington. Kila mtu alikuwa na gari lake, kwa sababu Bowie bila gari hufiki mbali. Asubuhi za baridi waliwasha magari mapema ndani ya gereji ili yapate joto. Moshi ulipanda taratibu hadi juu.

Anna alikuwa na pumu. Majira ya baridi yalipofika, kifua chake kilibana mara kwa mara. Februari ya mwaka huo alizidiwa, wakamkimbiza hospitali, akalazwa. Daktari aliwauliza swali moja tu.

"Chini ya chumba anacholala mtoto kuna nini?"

Honorata na Lusekelo walitazamana. "Gereji," alijibu Honorata.

Tangu siku hiyo magari yalilala nje. Lakini Honorata hakuridhika.

"Baba Anna, kuutoa moshi gereji na kuupeleka mlangoni si kumaliza kazi," alisema. "Nataka gari lisilotoa moshi kabisa."

"Gari gani hilo?"

"La umeme. Yule mhandisi mstaafu wa mtaa wa pili anahamia Florida. Anauza lake."

Lilikuwa gari dogo la bluu. Mzee huyo alikuwa ameng'oa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme. Nyuma alipanga betri nyingi, zinazofanana na betri za magari ya kawaida. Chaja ilikuwa ndani ya gari lenyewe.

"Chaji ikiishia barabarani je?" aliuliza Lusekelo.

"Likijaa linakwenda maili arobaini. Kazini kwangu, kwenda na kurudi, ni maili ishirini. Linanitosha."

Walilinunua, na lile la petroli la Honorata wakaliuza. Mzee aliwaambia, "Likawekeeni laini yake ya umeme nyumbani." Waliitikia, lakini walikuwa na haraka. Wakaona soketi ni soketi.

Wakalichomeka kwenye soketi ya gereji. Soketi hiyo ilikuwa kwenye laini moja na friza. Friza ilipoanza kuvuta umeme, swichi ya usalama ilijikata. Hawakugundua mpaka kesho yake, nyama na samaki vimeshaharibika.

"Basi tuvute umeme kutoka sebuleni," alisema Lusekelo.

Alitafuta waya wa kuongezea, ule mwembamba waliowashia taa za Krismasi. Akaupitisha chini ya zulia, chini ya mlango, hadi kwenye gari. Chaja iliwaka. Wote wawili walifurahi.

Jumamosi moja mchana, Anna alikuwa sebuleni akitazama katuni. Ghafla alimwita mama yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema kuna kitu kinanuka.

Honorata alitoka jikoni. Harufu ilikuwa ya plastiki inayoungua. Zulia lilikuwa linafuka moshi, na Anna alikuwa ameanza kukohoa.

"Toka nje, mwanangu! Sasa hivi!"

Lusekelo alikuja mbio na ndoo ya maji.

"Usimwage!" Honorata alipiga kelele. "Umeme upo! Utakufa!"

Alikimbilia kwenye boksi la umeme lililokuwa ukutani gereji. Akazima swichi kuu. Nyumba nzima ikanyamaza. Ndipo alipochukua mtungi wa kuzimia moto na kupuliza kwenye zulia. Waya ulikuwa umeyeyuka na kugandamana na sakafu.

Nje, Anna alikaa kwenye ngazi akivuta dawa yake ya pumu. Lusekelo alimshika begani.

"Liuzwe," alisema. "Kesho."

Honorata alimtazama binti yake. Kisha akatikisa kichwa.

"Gari halina kosa. Tumelichaji vibaya. Sitalichomeka tena mpaka nijue njia sahihi. Na njia hiyo nitaijua."

Jirani yao wa nyumba ya tatu alikuwa Wamaitha, Mkenya kutoka Nyeri. Alikuwa fundi umeme mwenye leseni, na alisimamia kazi za umeme katika majengo ya ofisi Rockville. Jumapili baada ya kanisa, Honorata alimgongea mlango.

Wamaitha alikuja na tochi na kipimo chake. Aliushika ule waya ulioungua, akaumulika kwa tochi.

"Mama Anna, mko na bahati sana," alisema. "Hii ni waya ya kubeba taa. Nyinyi mliibebesha gari."

"Lakini swichi ya usalama haikujikata," alisema Lusekelo. "Ile ya gereji ilijikata. Hii ya sebuleni kwa nini haikujikata?"

"Hilo ni swali zuri, Baba Anna. Swichi inalinda waya iliyo ndani ya ukuta. Waya ya ukuta ni nene, inabeba ampea ishirini. Gari ilikuwa inavuta kumi na sita. Kwa hivyo swichi iliona kila kitu ni sawa. Lakini hii yenu nyembamba haifikishi hata kumi na tatu. Ikapata moto. Na mkaifunika na zulia, joto ikakosa pa kutokea."

Lusekelo alikuna kichwa. "Na kule gereji, tukiweka swichi kubwa zaidi, haitajikata tena?"

"Haitajikata, ndiyo. Waya itaungua ndani ya ukuta, mahali hamuoni. Swichi ikijikata inakuambia mzigo umezidi. Usitafute swichi kubwa. Punguza mzigo, ama weka laini mpya."

"Basi tuelekeze," alisema Honorata. "Kila kitu. Hata kama ni kirefu."

Wamaitha alienda kwenye boksi la umeme, akaangalia na kupima.

"Nafasi iko. Gari itapata laini yake peke yake, kutoka hapa mpaka pale ukutani. Hakuna friza, hakuna taa, hakuna kitu kingine. Gari inavuta stima masaa mengi bila kupumzika, kwa hivyo hatuijazi laini mpaka mwisho. Laini ikiwa ya ampea thelathini, tunaweka chaja isipite ishirini na nne. Soketi iwe karibu na gari, ndiyo msihitaji waya ya kuongezea hata siku moja."

"Utaanza lini?"

"Kibali kwanza. Nitakiomba. Nikimaliza kazi, mkaguzi anakuja kuangalia kama nimefanya sawa."

"Wewe si una leseni?" aliuliza Lusekelo. "Mkaguzi wa nini tena?"

Wamaitha alicheka. "Hata mimi naweza kukosea. Huyo mtoto analala hapa juu, si ndio?"

Lusekelo alitazama dari ya gereji, akakubali.

Kibali kilichukua muda. Honorata hakutaka kumwomba mumewe lifti katika gari la petroli. Alipanda basi. Alibadilisha basi jingine njiani, akasimama kituoni kwenye upepo wa Desemba, miguu imekufa ganzi. Wenzake kazini walimtania kwamba ana gari la mapambo. Yeye alicheka nao, kisha akaendelea kulisha wagonjwa wake.

Wamaitha aliweka laini. Mkaguzi akaja, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi. Alipima soketi, akafungua boksi la umeme, akatazama kila skrubu. Kisha akatazama betri za gari.

"Betri hizi zikichajiwa hutoa gesi," alisema. "Haina rangi wala harufu. Ikijikusanya, cheche moja tu inatosha kuilipua. Hewa hapa inatokea wapi?"

Wamaitha alijibu kwamba feni ya kutoa hewa nje imeagizwa lakini haijafika.

"Basi sijapitisha," mkaguzi alisema, akaondoka.

Jioni hiyo Lusekelo alisema, "Laini ipo. Tulichaji tu, tuache mlango wazi."

"Hapana," alisema Honorata. "Tulishafanya haraka mara moja. Nitapanda basi."

Akapanda basi. Feni ilipofika, Wamaitha aliifunga juu ukutani, kwa sababu gesi hiyo ni nyepesi na hupanda. Mlango wa kutoka gereji kuingia ndani waliuziba mapengo yake. Mkaguzi alirudi, akawasha feni, akaweka kiganja chake mbele yake, akabandika karatasi ya kupitisha.

Wamaitha alibaki kuwafundisha utunzaji. Aliwavalisha glavu na miwani ya kinga, kwa sababu maji ya betri ni asidi na huunguza macho.

"Maji yakipungua mnaongeza yale yaliyosafishwa, si ya bomba. Hakuna kuwasha sigara hapa, hakuna kiberiti. Na baridi ikizidi, gari haitafika maili arobaini. Hesabu kama thelathini. Usiende safari bila kujua utarudije."

"Kazini kwangu nafika na kurudi," alisema Honorata.

"Unafika."

Siku ya kwanza alitoka nyumbani kukiwa na baridi kali. Gari liliondoka kimya. Aliendesha polepole, jicho moja kwenye mshale wa chaji. Wakati wa kurudi mshale ulishuka kuliko alivyotarajia, akapunguza mwendo zaidi. Lakini aliiona nyumba yake, na chaji ilikuwa bado ipo. Alichomeka. Baada ya saa moja Lusekelo alishuka, akagusa plagi, akagusa waya. Vyote vilikuwa vya baridi.

Majira hayo ya baridi Anna hakulazwa hospitali hata mara moja. Daktari alisema dawa zake mpya zilisaidia, na hewa safi chumbani ilisaidia pia.

Januari theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi Lusekelo alikuwa nje, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake la petroli. Vidole vilimuuma. Mlango wa gereji ukafunguka. Gari dogo la bluu likatoka, kavu, limejaa chaji, bila moshi wala kelele.

Honorata alishusha kioo. "Baba Anna, tutaonana jioni!"

"Subiri kwanza!" Lusekelo alimfuata huku akiteleza kwenye theluji. "Hivi lile boksi la umeme lina nafasi ya laini ya pili?"

"Muulize Wamaitha," alisema Honorata. "Na uanze na kibali."