Kitunga Kisichopigiwa Makofi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Tata Stanislas, mzee wa ukoo, alifunua kitunga cha uchifu pale barazani ili aipake lukano mafuta, akakuta ngozi ya chui peke yake. Lukano ni bangili ya mishipa ya tembo. Bila hiyo hakuna chifu anayesimikwa. Saa nne walikuwa wamsimike Gael, mwana wa marehemu chifu, creuseur anayechimba madini kwa mikono, na wageni wa Kasaji na Musumba walikuwa wamekwisha kujaa barabarani, hapo Kolwezi.

"Nani alilala ndani ya lupango?" aliuliza Mama Mianda, dada ya marehemu, akiutazama ua mzima.

"Gael na Rémy. Lakini haina haja ya kutafuta," Stanislas alisema. "Creuseur akiona kitu, anauzisha. Ndiyo kazi yake."

Wazee wa ukoo wakamvua Gael shati langoni, barabara nzima ikitazama. Wakakung'uta mfuko wake: tochi, tindo, nusu mkate. Hakuna kitu. "Ameshaipitisha kwa wanunuzi!" wakasema. Ikifika saa nne haijaonekana, Gael atapelekwa polisi, na kiti kitakuwa cha Rémy, binamu yake, wakili. Mbombo, mama yake Gael, alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

"Juu ya nini aibe kitu tutamuvalisha yeye mwenyewe?" Mama Mianda aliuliza.

Wazee wakageuka kuingia ndani. Akauliza tena. Stanislas akaomba chai.

Basi, Mama Mianda akaondoka na hasira yake, akamfuata Agnès, msichana anayefagia baraza. Katika nyumba ile, hata ukibeba ndoo ya maji, utaitua chini, ukipigie kitunga makofi kwa heshima ya lukano iliyomo, ndipo upite.

"Ulianza kufagia saa ngapi, mwana?"

"Saa kumi na moja na nusu, mama. Mbele ya ile nilikuwa kwa bomba, na Tata Stanislas alikuwa anaoga; hapa hapakuwa mutu."

"Nani alipita wakati kitunga kilikuwa bado kimefunikwa?"

"Gael. Alipiga makofi mpaka nikashituka! Kisha Rémy, mara mbili, kwenda na kurudi kwa motokari yake, mikono wazi. Yeye hakupiga. Nikashangaa, kwani ni yeye anatugombezaka tukisahau."

Mama Mianda akakaa chini palepale. Rémy alikuwa mtoto wa dada yake. Alimpokea akiwa na mwezi mmoja.

Akamkuta sebuleni na wazee.

"Rémy, mwana wangu. Makofi ya asubuhi ilienda wapi?"

"Nilisahau, mama. Nilikuwa na mawazo."

"We? Mikono yako inapiga hata ukilewa. Haipigi tu kama unajua ndani hamuna kitu. Na saa ile hakuna mutu alikuwa amefunua kitunga."

Rémy akawatazama wazee. Wazee wakatazama vikombe.

"Agnès, enda uangalie mu motokari yake," Mama Mianda aliita.

"Acha, naenda mwenyewe," Rémy alisema.

Akarudi na joho lake la uwakili. Lukano ilikuwa ndani ya mkono wa joho.

"Mi niko avocat, mama yangu ni binti wa chifu," alisema. "Nyanya ya Mbombo alinunuliwa na chumvi! Leo tumupigie magoti mutoto wa mutumwa, anatoka mu shimo na matope?"

Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali.

"Basi, imeonekana," Stanislas alisema. "Tutasema ilikuwa inapakwa mafuta. Mambo ya lupango isitoke inje."

"Barabara yote iliniona nikivuliwa shati," Gael alisema. "Mutawaambia mwizi ni nani, ama mutafute mukono mwingine ya kuvalisha."

"Mutoto, hatuwezi kuaibisha damu ya..."

"Ya nani, tata?"

Stanislas akakohoa. Saa nne ikafika, ngoma iko kimya, wanaume wale bado wanakoroga chai. Mama Mianda akamwangalia Rémy.

"Mama," Rémy alisema polepole, "usifanye vile."

Mama Mianda akafungua lango mwenyewe. Akawageukia watu wa barabarani.

"Bandugu, lukano iliibiwa. Mwizi haiko Gael. Ni Rémy. Mi ndiye nilimulea."