Koti la Picha ya Viza

Meli ya Kigoma ilikuwa imetia nanga asubuhi hiyo, na studio ya Papa Mbuyu, hatua chache kutoka bandari ya Kalemie, ilifurika watu. Evodie, mshonaji wa mavazi ya harusi, alikuwa amefuata picha za wateja wake. Alivaa koti la buluu iliyokoza juu ya kitenge cha maua ya manjano. Mbele ya shuka jeupe aliketi kijana mrefu mwenye shati jeupe vilevile, na Papa Mbuyu alikuwa akinung'unika kwamba viza haitolewi kwa kichwa kisicho na mwili.

Evodie alivua koti, akamkabidhi kijana.

"Vaa hili. Ila vifungo viko upande wa wanawake."

"Wakiniuliza ubalozini ni la nani?"

"Sema ni la muntu aliyekuhurumia."

Kijana huyo, Ulrich, fundi wa injini za boti, alisahau kulirudisha koti. Alilileta kesho yake, mvua ikampa kisingizio cha kuondoka nalo tena, na kwa mwenendo huo hakukosa udhuru wa kurudi. Kiangazi kilipofika, wajomba wa Evodie walikuwa wamepokea kreti za bia za posa kutoka kwa akina Ulrich, na mtaa mzima ulimwita muke ya Ulrich.

Chuo kimoja cha Ubelgiji kilikuwa kimemkubali kijana huyo kusomea mitambo kwa miaka mitatu. Rafiki yake Michée alimshauri aombe viza fupi ya matembezi, inayotoka upesi, kisha ajifiche huko. Ulrich alikataa, alitaka ile ndefu ya masomo. Evodie alimsindikiza kwenye ofisi inayoandaa maombi, akiwa amevaa kitenge kipya. Karani alipouliza hali ya ndoa, Ulrich alijibu bila kusita kwamba yeye ni mseja.

Uso ulimwaka Evodie. Bia ya wajomba ilikwisha kunywewa, naye alikanwa mbele ya watu. Alitoka bila kuaga, akapanda pikipiki, na simu ikalia mkobani hadi ikanyamaza yenyewe.

Siku zilizofuata alishona shela za wenzake, akiwajibu majirani kwa sindano mdomoni. Jumapili, baada ya misa, alipokea simu.

Ulrich alieleza taratibu. Serikali haiijui bia ya wajomba. Inakijua tu cheti cha ndoa cha komine, ile ofisi ya serikali ya mtaa. Angejitaja mume bila cheti, wangemwona mwongo na kumnyima viza.

"Ungeniambia tukiwa bado nje," Evodie alisema.

"Niliogopa utasema nakukimbia."

"Na njo nilivyosema."

Kwa Ulrich yalisikika mawimbi ya ziwa yakipiga boti.

"Basi nichukue ile fupi, mupenzi. Miezi mitatu, nitembee, nirudi kwako."

Evodie nusura ashawishike. Miezi mitatu angeivumilia hata kwa kuishikilia pumzi. Lakini alimjua: angerudi na mikono ileile, na kila injini ingemkumbusha chuo alichokiacha kwa ajili yake.

"Ile fupi njo ya muntu anayekwenda matembezi," alisema. "Wajomba zangu hawakunywa bia ya matembezi. Omba ile ndefu."

"Kwa hiyo twende komine kwanza. Chuo kitanipokea muhula ujao, nimekwisha kuwauliza. Nitatangulia, nawe utanifuata ukiwa mke wangu, kwa haki yako. Utanikubali, Evodie?"



"Nitakubali. Ila uje na koti langu."

Baada ya kufunga ndoa komine, walirudi studio kwa picha ya viza ya Evodie. Bi harusi alikuwa amevaa blauzi nyeupe. Ulrich alimvika koti la buluu na kumfungia vifungo. Papa Mbuyu aliwakumbusha kwamba picha ya viza haitaki meno. Evodie alifumba mdomo, akamtazama mumewe, ukafumbuka kwa tabasamu. Na mzee yule, aliyezoea kuwasihi watu watabasamu, alishinda asubuhi hiyo akimbembeleza muke ya Ulrich anune kidogo tu.