Madodoso ya Geti la Soko

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mimi na Baba tulikaa meza moja tukafanya kazi zetu za shule. Mimi nilikuwa darasa la saba. Yeye alikuwa chuo kikuu akisomea shahada ya uzamili ya mikakati na usalama, na alikuwa na miaka hamsini na minne. Mama alikaa dirishani na cherehani yake. Cherehani iliponyamaza ndipo tulipojua kwamba anatusikiliza.

Shuleni walinitania sana. Rafiki niliyekaa naye dawati moja aliniuliza baba yangu amefeli mara ngapi hata leo bado anasoma. Mwingine akasema labda akifaulu atanunuliwa baiskeli. Nilipomweleza Baba alicheka, akasema hata chuoni vijana wanamwita Babu wa Darasa, na wanamwachia kiti cha mbele kwa sababu asipokaa mbele haoni ubao.

Hakuanza kusoma kwa kutaka cheo. Kazi alikuwa nayo, katika idara ya usalama ya kiwanda cha saruji. Alianza kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka tulimwita Meja. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Jina alilipata kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, hata akitumwa chumvi. Alikuwa mlinzi wa ghala la dawa. Zamu ya mchana ilikuwa ya walinzi wawili. Mmoja alikaa getini na kitabu cha lindo, mwingine alizunguka maghala. Kila saa yule wa kuzunguka alitakiwa kurudi getini, waonane kwa macho, ndipo wa getini aandike saa na maneno mawili: hali shwari.

Jumapili moja makasha ya dawa yalimwangukia Meja nyuma ya ghala la tatu, muda mfupi baada ya saa tano asubuhi. Alikutwa saa kumi, zamu ilipokwisha. Daktari alisema aliishi chini ya makasha yale kama saa tatu. Tulipoonyeshwa kitabu cha lindo, kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko mzuri, kwa kalamu moja. Saa sita, hali shwari. Saa saba, hali shwari. Saa nane, hali shwari. Saa tisa, hali shwari.

Baba aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama, akaomba nakala yake, akaikunja akaitia mfukoni. Mwaka uliofuata aliomba nafasi chuoni. Mama alimuuliza, "Unakwenda kusoma ili umpate nani?" Baba alisema hamtafuti mtu. Alitaka kujua jambo lile linatokea mara ngapi, na kwa nini.

Hiyo ndiyo ikawa mada ya tasnifu yake. Walinzi wenyewe walikuwa na jina la jambo lile, waliliita kutanguliza saa. Mlinzi akifika asubuhi anaandika saa zote za mchana kwa mkupuo, ili mkaguzi akitokea ghafla asikute nafasi tupu, maana nafasi tupu humfukuzisha mtu kazi. Baba aliandaa madodoso mia moja na ishirini, kila moja lina maswali kumi na manne, na hakuna sehemu ya kuandika jina. Swali la tisa liliuliza: "Je, umewahi kuandika taarifa ya saa ambayo bado haijafika?"

Alizunguka nayo miezi minne, kila alipotoka kazini. Mwishoni yakabaki kumi na moja, ya walinzi wa geti la soko. Msimamizi wake wa chuo, mama mmoja mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu, alikuwa amempa hadi Jumatatu. Ijumaa Baba aliniita akanipa bahasha.

"Kitinda," aliniambia, kwa maana mimi ndiye kitindamimba, "nenda kesho asubuhi. Msomee mtu swali, nyamaza, atakachosema ndicho utie alama. Usimsaidie kujibu."

Nilimuuliza kwa nini asiende mwenyewe, maana Jumamosi hakuwa na kazi. Alisema ana mambo ya kuandika. Hakunitazama aliponijibu, nami sikulitia maanani.

Asubuhi ile soko lilikuwa limefurika. Mlinzi wa kwanza alikuwa akigombana na mwenye mkokoteni, akanionyesha kwa mkono nisubiri. Wa pili aliniuliza, "Wewe nani amekutuma, mkaguzi?" akacheka na mwenzake, wakageuka. Nilisimama juani kitambo. Wenzangu walikuwa na mechi ya netiboli saa nne, na mimi ndiye niliyekuwa mfungaji wao. Nikaingia nyuma ya duka la vioo, nikakaa kwenye ngazi, nikatoa kalamu tatu.

Nilijitahidi sana, na hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Nilibadilisha kalamu na umri. Mmoja nilimpa miaka ishirini ya kazi, mwingine miezi sita. Swali la tisa nililijibu "hapana" mara kumi na moja. Niliona ndilo jibu ambalo mlinzi mwema angetoa, na kwamba Baba angefurahi kusikia kuna mahali watu hawatangulizi saa. Nilimaliza kwa nusu saa. Mechi tulishinda.

Jioni Baba alikaa mezani na bahasha ile. Alisoma dodoso la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la sita alianza kuruka maswali mengine, akitafuta la tisa tu. Alipomaliza la mwisho aliyarudia yote. Kisha akavua miwani na kuiweka juu ya meza.

"Amesema hapana," alisema.

Mama alisimamisha cherehani. "Nani?"

"Yule aliyekuwa getini na Meja. Siku hizi yuko geti la soko. Mmoja kati ya hawa ni yeye." Aliyagusa madodoso kwa ncha ya kidole kama kitu cha moto. "Hata bila jina, hata pasipo mtu wa kumkamata, bado anasema hapana."

Akainuka akatafuta viatu. Mama alimuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kumtazama machoni, na kesho kutwa atamwandikia barua mkuu wake wa kazi, mtu yule asilinde tena hata banda la kuku. Sijawahi kumwona Baba vile, si siku ya msiba, wala siku ya kitabu. Alikuwa ameshafunga kamba ya kiatu kimoja.

"Baba, hakusema," nilisema.

"Hakusema nini?"

"Hakusema chochote. Hakuna aliyesema. Niliandika mimi."

"Lipi?"

"Yote."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alikivua kile kiatu kimoja. Halafu akaenda kabatini, akatoa ile nakala ya ukurasa wa kitabu cha lindo, ambayo mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika. Akaitandaza mezani, na pembeni yake akayapanga madodoso yangu. Upande mmoja shwari, shwari, shwari, shwari. Upande wa pili hapana, hapana, hapana. Mwandiko wote mzuri. Akaenda kulala bila kula.

Jumatatu alinichukua hadi chuoni. Ofisi ya msimamizi ilikuwa ndogo, imejaa tasnifu za watu hadi kwenye kiti cha wageni, tukasimama. Nilieleza mwenyewe nilivyofanya. Mama yule alisikiliza bila kunikatiza, kisha akamweleza Baba kwamba madodoso yale yanaondolewa, tarehe imepita, na jina lake halitasomwa katika mahafali ya mwaka ule. Angeyajua mambo haya baada ya tasnifu kupita, alisema, shahada yenyewe ingefutwa. Baba alikubali, kisha akasema kosa la kwanza ni lake.

"Nilijua yule mtu yuko pale," alimwambia, ingawa nadhani alikuwa akiniambia mimi. "Nilitaka jibu lake, sikutaka kuuona uso wake. Nikamtuma mtoto."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda sokoni pamoja. Baba alinipa bahasha mpya, akasema nitasoma mimi, yeye atasimama tu. Tulisubiri mizigo ipite, tukasubiri zamu zibadilishane. Ilituchukua tangu asubuhi hadi alasiri. Katika walinzi kumi wa kwanza, saba walijibu ndiyo swali la tisa. Mmoja aliongeza kwa kicheko kwamba siku ile ilikuwa bado mchana na kitabuni yeye alikwisha fika saa kumi na moja jioni.

Wa kumi na moja alikuwa kwenye geti dogo la nyuma, la kutolea taka. Alikuwa kijana, umri wa Meja, lakini nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi. Alipomwona Baba alisimama, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Baba alikawia. "Marahaba," aliitikia hatimaye. "Huyu ni binti yangu. Ana maswali. Si lazima ujibu."

Nilisoma swali la kwanza. Alijibu moja moja, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Nilipofika la tisa nililisoma polepole, kisha nikanyamaza kama nilivyoagizwa.

"Ndiyo," alisema. "Tia alama kwenye ndiyo, mdogo wangu." Akaendelea. "Siku ile nilizijaza zote kabla ya saa tano. Sote tulifanya hivyo. Meja alinikuta naandika, akanitania, akasema nikiwa na wino wa kutosha nimjazie hadi siku ya harusi yake. Tukacheka. Akaenda kuzunguka."

Baba alimwonyesha kwa kichwa aendelee.

"Alipochelewa nilidhani amejilaza mahali. Saa saba nikasimama niende kumtazama. Nikakiona kitabu kiko wazi. Nikajiuliza, nikienda nikakuta jambo, haya niliyokwisha andika nitayaeleza vipi? Nikakaa. Nikasema nimpe nusu saa nyingine. Nikampa nyingine tena."

Nilimuuliza kama polisi hawakumuuliza habari hizo. Alisema walimuuliza kama kitabu ni chake na sahihi ni yake, akasema ndiyo, basi. Hakuna aliyemuuliza hili tangu siku ile, na yeye hakujua aende kwa nani akaliseme.

Saa saba. Daktari alisema Meja aliishi saa tatu, na makasha yalianguka baada ya saa tano. Mimi niliijua hesabu hiyo, na Baba aliijua. Nilimwona akiinua kichwa kutaka kusema kitu. Kijana naye alimtazama, akingoja.

"Msomee swali la kumi," Baba aliniambia.

Tukamaliza maswali yote kumi na manne. Tulipoondoka Baba alimpa mkono.

Nyumbani alimweleza Mama kila kitu, bila kupunguza. Mama alisikiliza mikono ikiwa juu ya kitambaa. Kuhusu saa saba hakuuliza. Alitaka tu nirudie yale maneno ya utani, ya wino na harusi, nikayarudia. "Ndiye kabisa," alisema, akatabasamu kidogo, kisha akafunika cherehani ingawa kazi haikuwa imekwisha.

Tasnifu ya Baba ilikamilika mwaka uliofuata. Ilipendekeza kwamba mlinzi wa getini asiandike neno mpaka mwenzake atie sahihi yake mwenyewe kila saa, na kwamba nafasi tupu isimfukuzishe mtu kazi. Kampuni mbili za ulinzi za mji wetu, ikiwemo ile ya ghala la dawa, zimeanza kufuata utaratibu huo. Mama alimpindia joho lake la mahafali, maana alilopewa lilikuwa la mtu mrefu.

Lakini kabla tasnifu haijachapwa, Baba alinipa nisome sura ya tatu, inayoeleza jinsi utafiti ulivyofanyika. Humo alikuwa ameandika kwamba madodoso kumi na moja ya mwanzo yalikataliwa, kwa kuwa yalijazwa na binti wa mtafiti bila walinzi kuulizwa, na kwamba mtafiti mwenyewe ndiye aliyekosea kumtuma.

Nilimwomba aondoe. Nilimwambia watu watasoma, na itabaki maktabani hata nikiwa mtu mzima. Nikasema mambo yalikwisha sahihishwa, hakuna anayehitaji kujua.

Baba alisogeza kiti karibu yangu.

"Kitinda, mwanangu, uongo ulioandikwa haukai bure. Unakulazimisha uulinde. Yule kijana hakukaa getini kwa ubaya. Alikuwa anakilinda kitabu chake, na akakilinda mpaka ikawa saa kumi. Wewe ulisema mapema, nikiwa bado na kiatu kimoja. Ukikosea, andika kwamba umekosea. Mtu akisoma hivyo atainuka aje kutazama. Akisoma shwari, ataendelea kukaa."

Akachukua kalamu. Nilidhani anafuta sentensi ile. Alikuwa anaongeza tarehe ya Jumamosi ile.