Mfuko wa Mbele Kulia

Saa nne asubuhi.

Rigoberto alichora kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha nyuma cha gereji. Mstari ulikuwa barabara, kisanduku kilikuwa duka la sonara, na msalaba ndipo pua ya gari itakapoingilia.

"Saa saba mji wote wa Luque umelala," alisema. "Jua lile, hata mbwa habweki. Tunapasua mlango wa bati, tunazoa dhahabu, tunatoka. Gari likifa, pikapu iko nyuma ya kanisa."

Gari lenyewe lilikuwa saluni nyeusi ya kifahari, viti vya ngozi, mbao mpaka milangoni. Lilitumika Japani hadi likachokwa, likashushwa bandari ya Iquique, Chile, likavuka jangwa mpaka Paraguay. Hapa gerejini usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama magari mengine yote ya njia ile. Aliyeuhamisha ni Derlis, fundi na dereva wa genge.

Zunilda, mke wa Rigoberto, alikuwa akimimina terere. Maji ya barafu juu ya majani, kikombe kimoja cha pembe, mrija mmoja, kila mtu na zamu yake.

"Kasoro?" Rigoberto aliuliza.

"Gia ya pili inagoma ikipata moto," Derlis alisema. "Vioo vya nyuma havishuki. Na kiwanda kimeyaita magari ya aina hii yarudi. Binamu yangu bandarini ameangalia namba ya chesesi. Mfuko wa hewa, mbele kulia. Ukigonga kwa nguvu, kopo la gesi linapasuka, vyuma vinaruka na mfuko."

"Vinaumiza?"

"Vinachinja."

"Mbona taa ya onyo haiwaki?"

"Si uliniambia niing'oe, mnunuzi asiione?"

Rigoberto alicheka kidogo. Derlis akaomba siku moja autoe mfuko ule. Akajibiwa kwamba kesho sonara anahamishia mali kwa mwanawe mjini, na dhahabu haimsubiri fundi.

Derlis alivuta mrija mpaka ukakoroma, akarudisha kikombe. "Asante."

Mkono wa Zunilda uliganda. Kwenye terere hakuna anayeshukuru kila zamu. Ukisema asante umemaliza, humiminiwi tena.

"Umetosheka na terere, au na sisi?" Rigoberto aliuliza.

"Vyote, mzee. Baada ya hii mimi basi. Nimechoka."

"Sawa. Hapa hatumfungi mtu kamba."

Alilisema kwa upole mno. Zunilda aliinama kufuta chaki kwa kandambili, na hakumtazama Derlis tena.

Saa saba kasorobo.

Rigoberto alinyoosha kiganja. "Funguo. Leo naendesha mimi. Wewe kaa kulia."

Miaka minne hakuwahi kuugusa usukani kazini. Derlis alisimama kando ya mlango, akaelewa. Anayeacha kazi huondoka na mdomo wake, na mdomo huo ulikuwa umepangiwa kuzibwa leo, kwa ajali ambayo hakuna wa kulaumiwa.

Kisha akaelewa jambo la pili. Kulia aliyoitaja binamu ilikuwa kulia ya Japani, upande wa dereva. Usukani ulipohamia kushoto, mfuko ulikwenda nao, umo katikati yake. Hakulifafanua hilo asubuhi kwa sababu kila fundi analijua. Rigoberto hakuwahi kushika spana. Kulia, mbele ya kiti alichopewa Derlis, palikuwa na tundu tupu alilolifunika kwa plastiki.

Alipaswa kuogopa, au kukasirika. Hakupata hata kimoja. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi kama mkono uliolaliwa.

Aliketi, akafunga mkanda.

"Unaogopa?" Rigoberto aliuliza.

"Mazoea tu."

Zunilda alikuwa kiti cha nyuma na mifuko mitupu. Walipita madirisha yaliyofungwa, viti vitupu vibarazani. Gia ya pili ikagoma, Rigoberto akaikandamiza, ikakubali. Kona ya mwisho. Mlango wa bati ukaonekana mbele, unameremeta.

"Mzee," Derlis alisema, "ule mfuko..."

"Fumba mdomo. Umeshasema asante."

Sentensi moja tu ilibaki. Ilikuwa mdomoni, fupi, tayari. Derlis aliimeza, na hakuna aliyemziba kinywa, alijiziba mwenyewe.

Saa saba kamili.

Bati lilipasuka. Mlio wa pili ulitoka ndani ya gari, mfupi, mkavu. Mkanda ulimvunja Derlis ubavu. Vumbi jeupe lilipotulia, Rigoberto alikuwa ameegemea kiti, shingo wazi, macho yanamtazama Derlis kama anayedai maelezo.

Derlis alizima swichi. Ni mazoea ya fundi.

"Ulisema kulia," Zunilda alinong'ona nyuma.

"Kulia ya kule."

"Ulijua."

"Na wewe ulijua."

Zunilda alifungua mlango, akakimbia kuelekea kanisani bila hata pete moja.

Derlis alijaribu kumfuata, ubavu ukamkatalia. Akakaa ukingoni mwa barabara, akatazama kiatu kimoja cha Zunilda kilichobaki kwenye lami.

Polisi aliyefika alikuwa ametolewa usingizini. Shati halikufungwa vifungo, chupa ya maji ya barafu kwapani, kikombe cha terere mkononi. Alitazama ndani ya gari, akajifanyia ishara ya msalaba, akamfunga Derlis pingu kwenye nguzo ya taa. Kisha akaketi kando yake kungoja wenzake.

"Aliyekufa ni nani wako?"

"Bosi."

"Pole, ndugu."

Alimimina, akampa kikombe. Derlis alikunywa kwa mkono uliobaki, akarudisha. Polisi akamimina tena. Akanywa, akarudisha. Tumbo likajaa maji, meno yakauma kwa baridi.

"Ukitosheka, sema," polisi alimwambia.

Derlis alilitafuta lile neno, asante, asilipate. Akanyoosha mkono, akapokea kikombe kingine.