Sauti Iliyotaka Kuvuka

"Asubuhi malori yanajaa," sauti ya Sele ilisema kutoka chumbani. "Tuvuke Pangani alasiri."

"Sawa, alasiri," Hafsa alijibu kutoka sebuleni, akaendelea kuchambua mchele.

Mumewe huyo walikuwa wamemzika wiki iliyopita, palepale mtaani kwao Nguvumali, na yeye alikuwa ndani amekaa eda. Tangu maiti itolewe hakulia. Majirani walimsifia subira. Mwenyewe alijihisi kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: upo, lakini ukiguswa huna habari.

Safari ya Mtwara walikuwa wakiipanga tangu waoane, kila mwaka wakiiahirisha: Tanga mpaka kusini kabisa, kwa gari lao wenyewe. Sasa sauti ikawa inakuja kila wifi yake Saleha anapotoka kwenda sokoni. Ilikuja na harufu ya tope la mtoni, nzito, kana kwamba mtu ameingia na miguu iliyotoka mikokoni. Wakapanga. Pangani kwa pantoni, kisha Mkwaja, Saadani, Bagamoyo. Dar wasipite darajani, wavuke Kigamboni kwa pantoni. Halafu barabara ya kusini, Kilwa, Lindi.

"Na baada ya Mtwara?" Hafsa aliuliza.

"Kuna Ruvuma. Tutavuka."

"Ng'ambo ni Msumbiji."

"Na mbele kuna maji mengine." Sauti ilitamka neno maji polepole, kama mwenye njaa anayetaja chakula. "Wewe niambie tu kwamba tutavuka pamoja. Liseme kwa mdomo wako."

Hafsa alisema atalisema eda ikiisha.

Siku moja Saleha alirudi mapema, akasimama barazani na kapu lake la samaki. Alisikia sauti mbili. Hakuingia mpaka ile harufu ilipopungua, kisha akaja kukaa karibu kabisa na wifi yake.

"Wifi, unaongea na nani?" alinong'ona.

"Na Sele."

"Kaka yangu aliogopa maji tangu aliponusurika kuzama tukiwa wadogo. Safari hiyo alitaka mpite Segera na Chalinze, lami mwanzo mwisho. Huyo anataka pantoni tu."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza," Hafsa alisema. "Ila ana sauti yake."

Saleha alisisimkwa mwili mzima. Kesho yake akamleta Mwalimu Jaku, Mpemba mwenye chuo cha Kurani mtaani pale, aliyezoea kuwasomea wenye majini. Mzee alisoma na kufukiza ubani mpaka dari likapotea, na harufu ya tope haikuondoka. Akaweka chetezo chini.

"Mwanangu, huyu ni wa mtoni. Hajivushi mwenyewe. Huvushwa na mtu, kwa ridhaa ya mtu, na aliyemvusha hawi tena wa nafsi yake. Mimi siwezi kumtoa mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Utamkataa wewe, palepale anapotaka kuvukia."

"Nikimkataa, sauti itakwenda naye?"

"Itakwenda."

Hafsa aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa kwamba maji ya bomba yamekatika.

Eda ilipokwisha waliondoka mchana kweupe. Saleha aliendesha, Mwalimu Jaku akakaa mbele, Hafsa nyuma. Kando yake kiti kilikuwa kimebonyea, na kilibaki hivyo njia nzima. Walipofika kivukoni, mfanyakazi mmoja aliinama dirishani akachungulia ndani.

"Dereva abaki na gari. Nyie watatu shukeni, mpande kwa miguu."

Walishuka wawili.

Hafsa alianza kuteremka ule mteremko wa zege, na ubavuni mwake kukaanza kusikika nyayo zenye maji, chwa, chwa, zikienda sawa na zake, na sauti ya Sele ikamsemesha sikioni kwa upole, ikamkumbusha alivyocheka usiku wa harusi yao umeme ulipokatika, ikamwambia kwamba huko alikolala ni baridi na hana mtu, kwamba hataki kingine ila neno moja, ikarudia neno moja, neno moja, mpaka ikaanza kulia kama Sele alivyolia siku aliyomzika mama yake, na hapo Hafsa akawa amefika kwenye bamba la chuma la pantoni, akasimama.

"Sele amekufa," alisema, bila kupaza sauti. "Wewe sikujui, na sikuvushi."

Nyayo zikakoma. Akakanyaga chuma, peke yake.

Pantoni iliondoka. Hafsa alisimama nyuma, akajaribu kukumbuka mumewe alivyokuwa akilitamka jina lake. Akatafuta na kutafuta. Hakukuwa na kitu.

"Imekwisha, mwanangu," Mwalimu Jaku alisema.

 Hafsa alikuwa anatazama ukingo waliotoka. Mbele ya foleni iliyobaki lilikuwapo gari dogo jeupe, na ndani yake mwanamke peke yake, uso umemkauka kama wa mtu asiyelala. Mwanamke yule aligeuza kichwa, kama aliyeitwa na mtu anayemfahamu. Akainama, akafungua mlango wa upande wa pili.

Hafsa akapiga ukelele. Ulimpasua kifua, akahisi maumivu yake yote kwa mara moja, lakini injini ya pantoni iliumeza.

Kule ng'ambo mwanamke aliondoa mkoba wake kitini, ili mtu akae.